Kumpeleka mama Kedarnath: helikopta, nyumbu au doli?

KitindaMimba: Habari zenu ndugu. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua na dawa za presha anameza kila siku. Tangu baba afariki hana ombi jingine ila kufika kwa mungu Shiva pale Kedarnath, hekalu la Wahindu kwenye milima ya Himalaya, India. Kutoka Gaurikund, kijiji ambako barabara inaishia, ni kama kilomita 16 za kupanda. Kaka zangu wanasema tumpandishe helikopta asubuhi, jioni tuwe tumesharudi. Ninyi mliofika mnanishaurije?

Nanga: Pole kwa msiba wa mzee. Mimi nilimpeleka mama yangu, na magoti yake yalikuwa hayo hayo. Helikopta itamfaa magotini, lakini kifua je? Hekalu liko zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Ukirushwa kutoka Phata, kijiji cha chini zinakorukia helikopta, unafika kwa dakika chache, mwili haujazoea hewa nyembamba. Sisi tulilala Gaurikund siku mbili, kisha safari ya kupanda tukaigawa, tukalala kwenye mahema Linchauli. Mama alikaa kwenye doli, kile kiti kinachobebwa mabegani na wanaume wanne, nami nikatembea ubavuni mwake. Nyumbu wakipita, simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde hata kidogo. Akiumwa kichwa, akatapika au akaanza kuyumba, mshusheni saa hiyo hiyo, hata kama hekalu mnaliona.

Na msiende mkarudi siku moja, nawasihi. Mle ndani hakuna sanamu ya kuchongwa. Kuna jiwe la pembetatu, ndiyo nundu ya fahali ambaye Shiva alijigeuza alipokuwa akiwakwepa Pandava, wale ndugu watano wa utenzi wa Mahabharata. Asubuhi mahujaji hulipaka samli kwa mikono yao. Mama aliinama akaliegemeza paji la uso, akakaa hivyo mpaka aliyekuwa nyuma akamgusa bega. Viganja vyake vilinukia samli hadi tunashuka, hakutaka kunawa.

Bi_Shamim: Naongezea tu: hekalu hufungwa majira ya baridi, na tarehe ya kulifungua hutangazwa katika mji wa Ukhimath siku ya Maha Shivaratri, sikukuu ya Shiva, lakini siku za mwanzo watu ni wengi mno kwa mama wa umri huo. Julai na Agosti mvua huporomosha milima, mziache. Mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba ni afadhali. Jiandikisheni mapema, bila hivyo hamruhusiwi kupanda. Na zungukeni nyuma ya hekalu mkalione lile jiwe kubwa, Bhim Shila. Mafuriko ya Juni 2013 yalipofika, maji yaligawanyika hapo yakapita kando. Maelfu walikufa bondeni, hekalu likabaki limesimama. Mimi nililia.

KitindaMimba: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Kesho kutwa nampeleka kwa daktari wake kwanza. Yeye swali lake ni moja tu: samli abebe yake?

Nanga: Abebe, chupa ndogo inatosha. Ya kwetu iliganda kwa baridi, mama akalala nayo kwapani usiku kucha, asubuhi imeyeyuka.