Tupeane uzoefu: uvimbe kwenye ubongo ulianzaje kwako au kwa mgonjwa wenu?

Wakuu, shemeji yangu amekutwa na uvimbe kwenye ubongo baada ya kutibiwa presha na "mawazo" kwa muda mrefu. Waliougua au kuuguza, tuambieni dalili zilianzaje na hali ikoje sasa. Wauza mizizi, fungueni uzi wenu.

Bi Chumbageni: Pole mkuu. Mimi kichwa hakikuniuma kabisa. Hedhi ilikata, maziwa yakaanza kutoka wakati mwanangu wa mwisho yuko darasa la tatu. Mama mkwe akajua mjukuu huyo! Kilichonishtua ni macho: nikivuka barabara siioni bodaboda ya pembeni mpaka inipite puani. MRI ikaonyesha uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile aina inayomwaga prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Sikupasuliwa. Nameza vidonge vya kabagolini, vya kushusha hiyo prolaktini, mara mbili kwa wiki, uvimbe umesinyaa, hedhi imerudi.

Fundi Kombo: Baba alianguka kifafa uzeeni, na maisha yake yote hajawahi. Ukoo ukasema mapepo, tukazungushwa kwa waganga. Jamani, mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, apigwe picha ya kichwa, mengine baadaye. Ilikuwa glioblastoma, saratani ya ubongo, daraja la 4, yaani la ukali wa juu kabisa. Alipasuliwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, mionzi akapata Ocean Road, hospitali ya saratani. Daktari hakutuficha: hata kwa matibabu, wengi huishi mwaka mmoja na ushee. Baba aliwahi Idi moja zaidi.

Mzaramo Halisi: Mke wangu, mpole kupindukia, akawa mkali na kusahau mpaka jiko linawaka. Nilidhani ndoa imeingia mdudu. Kumbe meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, daraja la 1, si saratani. Ulitolewa wote, sasa ni picha za kufuatilia tu. Kwa hiyo mkuu, uliza jina na daraja la uvimbe kabla hamjaanza kulia.

Nesi wa Zamu: Kichwa kuuma peke yake mara nyingi si uvimbe. Tilieni shaka maumivu mapya yanayozidi wiki hadi wiki, makali alfajiri, pamoja na kutapika. Mtoto anayetapika asubuhi na kuyumba akitembea, msiishie kwenye malaria na minyoo.

Mleta uzi: Ahsanteni. Majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa bado. Wamempa dawa ya deksamethasoni, sasa anakula usiku kucha, hapati usingizi. Tuisimamishe?

Nesi wa Zamu: Msithubutu! Inapunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, na haikatwi ghafla. Mwulizeni daktari kama dozi ya mwisho inaweza kuwa mchana, na mpimeni sukari.