Tupeane uzoefu: kigango kilichong'olewa

Salaam jamani. Jana kwenye feri ya Likoni nimemsikia mama akimfokea kijana wake: "Mti ule ni babu yako, wauzaje?" Kumbe ni kigango, ule mti wa kuchongwa wanaosimikiwa wazee wa Kimijikenda waliokufa. Mimi wa Mji wa Kale, vigango nimeviona pichani tu. Wenye asili ya Kilifi na Kaloleni, mumeona nini? Ya kuambiwa wekeni kando.

*Mgiriama wa Kisauni:* Kwanza usiite sanamu. Kigango husimikiwa mzee wa Gohu, kile chama cha wazee. Sisi wengine tukifa ni koma, kijiti kifupi tu. Babu alimjia baba ndotoni mara tatu akilalamika baridi. Basi ukatafutwa mti wa muhuhu, mchongaji akakata zile pembetatu kutoka shingoni hadi chini, babu akafungwa vitambaa, tembo la mnazi likamwagwa. Tulipohama shamba tulimwacha pale pale. Kikisimikwa hakihami.

*Mama Kongowea:* Cha mjomba kiliibwa usiku. Mwaka huo ng'ombe wakafa, na watu wakasema ndiyo hiyo laana. Mimi nasema ulikuwa ukame, mbona hata kwa jirani walikufa? Lakini mjomba alienda kutazama lile shimo kila asubuhi mpaka anaingia kaburini. Hilo sina jibu lake.

*Ustadhi:* Ushirikina mtupu.

*Mama Kongowea:* Sawa ustadhi, lakini mwizi ni mwizi.

*Msomaji:* Mulisikia ya mzee Kalume Mwakiru? Mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mwaka 1985 kando ya vigango viwili vya nduguze. Vikaibwa. Mwaka 1999 mtafiti yule akakiona kimoja kwenye picha za vitu vya makumbusho huko Marekani, akakitambua kwa picha yake mwenyewe! Vyote viwili vilirudi, ila ilichukua miaka. Na makumbusho ya Denver mwaka 2014 yalitangaza kurudisha 30. Thelathini, jamani, na hapo ni makumbusho moja tu.

*Wa Diani:* Niliuza kwenye duka la vinyago miaka miwili. Tajiri aliletewa kigango, akakiegemeza mlangoni, bei juu. Mlinzi wetu, mzee wa Kigiriama, hakusema neno. Asubuhi moja nafungua, nakuta kimefungwa kitambaa chekundu, kipya, cha pesa yake. Namuuliza, Mzee vipi? Akanambia, "Mwanangu, usiku hapa pana upepo wa bahari."