Naomba ushauri: Mama amezoeana sana na mbwa, kaka zangu wanataka aondolewe

Wapendwa, naomba mawazo yenu. Tangu Baba afariki, Mama anaishi peke yake huko Bahati, Nakuru. Presha ilimpanda, usingizi hapati, hata kanisani akaacha kwenda. Jirani akampa mbwa wa kienyeji, Simba. Siku hizi kila asubuhi wanatoka pamoja hadi dukani, Mama anasimama kusalimiana na watu, na hamu ya kulima imemrudia. Dawa za presha anameza kama kawaida, hizo hatujagusa.

Kaka zangu wanasema ni aibu mama mzima kuongea na mbwa, tena atamletea magonjwa. Mimi sioni aibu yoyote. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni, homoni ya oksitosini, ile ile inayomuunganisha mama na mtoto wake mchanga, hupanda kwa wote wawili. Kumpapasa mbwa pia kunaweza kushusha presha kwa muda.

Hofu ya kichaa cha mbwa naielewa, maana ugonjwa huo unaua. Simba ameshachanjwa, na chanjo nitairudia kila mwaka. Minyoo ndiyo inanisumbua: mbwa anayezurura shambani mnampa dawa kila baada ya muda gani? Na nyinyi wenye wazazi wajane, mliwaelezaje ndugu wakaelewa? Kaka mkubwa anakuja Jumamosi kumchukua Simba, kwa hivyo tafadhali nijibuni mapema.