Naomba ushauri: stabilaiza nene na bomba la kuunganisha shokapu kwenye Forester

Wakuu, salaam. Nina Subaru Forester ya 2004. Kila mwezi napanda mlima Kitonga kwenda Iringa, na kwenye zile kona gari inalala mno, mke wangu anashika mlango kwa mikono miwili.

Shokapu nilibadilisha zote nne mwaka jana. Wiki iliyopita niliingia uvunguni mwenyewe: bushi (mipira ya kushikilia) za stabilaiza ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili gari isilale kwenye kona, zimepasuka, na linki moja (kijichuma kinachoishika fimbo hiyo upande wa gurudumu) ukiitikisa kwa mkono inagonga kok kok. Stabilaiza yenyewe nimeipima, ni milimita 16. Fundi anataka kunifungia ya milimita 19 pamoja na bomba la mbele la kuunganisha vichwa vya shokapu, pale chini ya boneti.

Milimita tatu zinaonekana kidogo, lakini kwa chuma kisicho na uwazi ndani ugumu unafika karibu mara mbili. Hapo ndipo naogopa. Nyuma ikikaza kuliko mbele, si mkia utateleza kwenye kona yenye mvua? Na vishikio vya stabilaiza kwenye bodi vitahimili, au vitang'oka kwa matuta na barabara ya vumbi ya kijijini kwetu?

Mimi naona nianze na bushi na linki mpya, nipande Kitonga tena, ndipo niamue. Aliyefunga stabilaiza nene kwenye Forester anieleze ilikuwaje. Na hilo bomba la mbele, kwa gari ya familia, umeona tofauti kweli?