Tupeane uzoefu: kuvunja ndoa mahakamani huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe. Ulianzia wapi, ulikwama wapi?

MamaUyole

Habari zenu ndugu zangu. Naanzisha uzi huu kwa sababu wakati wangu sikumpata mtu wa kunieleza mambo haya kwa mpangilio. Kila niliyemuuliza alinipa kipande, na kipande kimoja hakikuendana na kingine. Naanza mimi, nanyi mwongeze yenu.

Nilifunga ndoa ya kanisani, tukaishi miaka 11, watoto watatu. Kipigo kilianza mtoto wa pili akiwa tumboni. Nilivumilia kwa sababu kila mkubwa wa pande zote mbili aliniambia nivumilie. Siku nilipoamua kuondoka nilikwenda kwa mchungaji. Alitukalisha mara mbili na wazee wa kanisa, ikashindikana, akaniandikia barua nzuri yenye mhuri. Nikaibeba mpaka mahakama ya mwanzo, nikalipia ada, nikafungua shauri.

Nilihudhuria miezi mitano. Mume akiitwa haji, akija anaomba tarehe nyingine. Siku tuliyoanza kusikilizwa akasema mbele ya hakimu kwamba hatujawahi kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Hakimu akaitazama ile barua, akaniuliza iko wapi Fomu namba tatu. Sikuwa naijua. Shauri likaondolewa siku ileile, nikaambiwa nikakamilishe utaratibu ndipo nifungue upya.

Nililia pale nje chini ya mti mpaka mama mmoja muuza chai akaja kunishika mkono. Kwa hiyo nawaambia mapema: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi linalotambulika kisheria, na baraza hilo likishindwa kuwapatanisha litoe hati kwamba limeshindwa, ndiyo hiyo Fomu namba tatu. Barua ya mchungaji, hata iwe na mhuri mkubwa namna gani, si hiyo hati kama kikao chake hakikuwa baraza linalotambulika.

Nilianza upya baraza la kata. Wito wa kwanza hakuja, wa pili hakuja, wa tatu akaja akiwa na kaka yake. Tukakaa, ikashindikana, nikapewa fomu yangu. Kuanzia hapo mambo yalisogea. Ya nyumba nitaeleza baadaye, kwanza niwasikie wengine.

MzeeWaBaraza_Njombe

Kamwene. Nilikaa mahakama ya mwanzo kama mzee wa baraza, yaani mshauri anayekaa na hakimu, kwa miaka mingi, sasa nimepumzika. Mama hapo juu kaeleza vizuri, niongeze mawili matatu.

Hiyo hati ina umri. Ukifungua shauri la talaka, iwe imetolewa ndani ya miezi sita iliyopita. Nimewaona wanawake wanaipata, wanarudi nyumbani kujaribu tena kwa sababu mume kaomba msamaha, mwaka unapita, wanakuja na karatasi ileile. Inabidi warudi barazani.

Pili, ipo misamaha ya kutopita barazani, nayo ni michache. Mwenzako kakutoroka na hujui aliko. Au anaishi nje ya nchi na haelekei kurudi ndani ya miezi sita. Au kaitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika. Au amefungwa maisha, au kifungo kisichopungua miaka mitano. Au ana ugonjwa wa akili usiopona. Au mahakama yenyewe imeridhika kwamba kuna mazingira ya pekee. Hapo napo unatakiwa uthibitishe, usiishie kusema tu.

Tatu, na hili vijana wengi hawalijui: ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili huwezi kuomba talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa, na ruhusa hiyo inatolewa pale ambapo unapata mateso makubwa kupita kiasi.

Jambo la mwisho ni la moyoni. Tulipokuwa tumekaa pale mbele, kilichotuumiza ni mtu mwenye haki asiyekuwa na ushahidi. Anasimama, anasema "huyu mwanaume amenitesa," anakaa. Hana PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa), hana karatasi ya hospitali, hana jirani, hana hata mjumbe aliyewahi kuja kuamua ugomvi. Mahakama inatakiwa iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kupigwa, ugoni, kutelekezwa, kutengana kwa miaka mitatu, vyote hivyo sheria inavitaja, ila lazima mtu aje aseme alichokiona.

DadaKihesa

Shikamoo mzee. Mimi ni Muislamu, niko Iringa mjini. Mume wangu alinitumia talaka tatu kwa meseji akiwa safarini. Nikaona yameisha, nikahamia kwa mama na watoto. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikaenda mahakamani nikitaka mgawanyo wa mali. Nikaulizwa, talaka ya mahakama iko wapi?

Niliyojifunza ni haya. Kwa ndoa ya Kiislamu sheria inataka mfuatano: baraza (sisi tulikwenda la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) lithibitishe kwanza kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wenu afanye kile ambacho kwa sheria ya dini kinavunja ndoa, ndipo mahakama itoe amri ya talaka. Mimi talaka ilitangulia, baraza likafuata. Tuliitwa wote wawili, baraza likaandika hati yake, mume akaitamka talaka upya na ikaandikwa. Ndipo mahakama ikavunja ndoa na kuanza kusikiliza habari ya mali.

Dada zangu, meseji ile itunze, usiifute. Lakini usiishi ukidhani imemaliza kila kitu kisheria. Bila amri ya mahakama, mgawanyo wa mali hauna pa kuegemea.

MbaoMafinga

Mimi ni mwanaume, naomba nisikilizwe. Nilikuwa na ekari sita za misindano, nilizipanda kabla na baada ya kuoa. Kesi ilipofunguliwa rafiki zangu wakanishauri niuze haraka kabla ya mgawanyo. Niliuza eneo moja kwa bei ya hasara. Mke akaleta shahidi, jirani wa shamba, na maandishi ya mauziano aliyoyapata kijijini. Hakimu akahesabu lile eneo kana kwamba bado lipo na akaliweka upande wangu. Kwa hiyo nilipoteza shamba, nikapoteza na bei.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mke wangu alistahili. Yeye ndiye aliyekuwa anapalilia miche, anawapikia vibarua, analinda moto kiangazi. Mimi nilikuwa nasema shamba ni langu kwa sababu jina ni langu. Mzee wa baraza mmoja aliniuliza: wakati wewe uko Makambako unauza mbao, nani alikuwa analala na hiyo miti? Sikuwa na jibu. Nimemwomba msamaha, japokuwa hatukurudiana.

MamaUyole

Ahsante sana kaka kwa kusema ukweli. Hapo ndipo na yangu ilipo.

Nyumba yetu iko Uyole, kiwanja jina la mume. Alidai mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu. Msaidizi wa kisheria aliyenisaidia bure alinieleza kwamba kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Akaniambia pia kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Ila akanionya: katika kesi hiyohiyo Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa fedha alizopewa na mumewe afanyie biashara alizitumia ovyo. Kwa hiyo usiende ukitegemea jina la kesi, nenda na ushahidi wako.

Mimi nilikuwa nauza viazi Mwanjelwa na kufuga nguruwe. Nilikuwa na risiti za saruji na bati, zimechakaa lakini zinasomeka. Fundi aliyepaua alikuja kusema nani alikuwa anamlipa. Mjumbe akaja kusema aliniona nikisomba mchanga. Mahakama ikavunja ndoa, ikanipa asilimia 40 ya nyumba, watoto wawili wadogo wakabaki kwangu na mume akaamriwa matunzo ya kila mwezi.

Matunzo hayo alilipa miezi miwili akaacha. Ilibidi nirudi kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kutekeleza. Hukumu ukiipata, omba nakala mapema. Na kama hukuridhika, usikae ukilia mpaka siku za rufaa zikapita.

BintiRungwe

Mimi Tukuyu. Hatukufunga ndoa yoyote. Alinichukua kwetu, mahari haikumalizika, tukaishi miaka tisa, watu wote wanatuita mume na mke. Aliponifukuza akasema sina haki hata ya sufuria. Nina chochote?

MzeeWaBaraza_Njombe

Unacho, mwanangu. Kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, mahakama itachukulia kwamba walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa kwamba hamkuoana kihalali, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu watoto, matunzo na mali mliyochuma. Kikwazo ni kama yeye alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja, ya kanisani kwa mfano. Je, alikuwa nayo?

BintiRungwe

Hapana mzee. Mimi peke yangu.

MzeeWaBaraza_Njombe

Basi anza na baraza la kata unakoishi. Andika majina ya watu watano wanaowajua toka mwanzo, hasa aliyepeleka posa.

BabaWawili

Kwa upande wa watoto, akina baba msikate tamaa wala msitumie watoto kama fimbo. Kwa mtoto chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na kinachotazamwa kwanza ni ustawi wa mtoto. Afisa ustawi wa jamii alikuja kwangu bila taarifa, akakagua kitanda, akaongea na mwalimu, akaandika ripoti. Wangu wamebaki kwa mama na mimi nawachukua likizo. Nilitaka zaidi, lakini nikiwaona wanavyolala vizuri naridhika.

MwalimuMbozi

Naomba msaada wa haraka. Mume ameshaleta madalali wawili kuangalia nyumba tunayoishi. Sijaenda hata barazani. Nyumba ina hati, jina lake.

MamaUyole

Dada, kifungu cha 59 kinamkataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Usisubiri baraza kwa hilo. Chukua cheti cha ndoa na nakala ya hati kama unayo, nenda ofisi ya ardhi Jumatatu asubuhi. Mweleze na mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, akusainie nakala ubaki nayo. Na hao madalali waambie mbele ya shahidi kwamba hujaridhia.

MwalimuMbozi

Nakala ya hati ninayo, niliitoa kivuli mwaka jana tulipoomba mkopo. Cheti cha ndoa kiko kwa mama yangu Vwawa, naenda kukifuata leo.

MwalimuMbozi (siku tano baadaye)

Nimeweka zuio, nimepewa stakabadhi. Mwenyekiti kasaini. Barazani tumepangiwa Alhamisi ijayo. Dalali mmoja kanipigia mwenyewe akasema amejitoa.