Suruali ya kupandia mlima: kadeti, nailoni au ile nzito ya baridi?

Mzee wa Area D
Wakuu, mbukwenyi. Mwezi wa saba tunakwenda kupanda Hanang, tuko sita, tunatokea hapa Dodoma kwa njia ya Kondoa. Nina suruali tatu kitandani na begi lina nafasi ya moja. Ya kwanza kadeti ya mifuko ya pembeni, pamba tupu, nimeizoea. Ya pili nailoni nyepesi yenye zipu magotini, ukitaka unaigeuza bukta. Nimeiokota mtumbani Sabasaba kwa elfu kumi na mbili. Ya tatu nzito, inavutika, ndani ina manyoya, shemeji kaituma kutoka Ujerumani. Nivae ipi?

Kunguni wa Kondoa
Kadeti iache, mkuu. Mimi nilipanda nayo Hanang mwezi wa tano. Tulianza kabla hakujapambazuka, majani yamefika kiunoni na umande umejaa. Mvua haikudondoka hata tone, lakini kunakucha suruali imelowa kuanzia mapajani kama nimevuka mto. Pamba ikishakunywa maji haiachii. Inagandana na goti, kila hatua unaivuta kwa mkono. Tulipotokeza kwenye mgongo wa mlima, upepo ukanikuta nayo hivyo hivyo mbichi. Nilitetemeka mpaka kikombe cha chai kikanimwagikia, na huo ndio ulikuwa mwisho wa chai.

Dada wa Makole
Nailoni, kaka. Nayo italowa, usidanganywe, ila ukitembea nusu saa juani imekauka. Shida yake ni baridi. Dodoma tuko kama mita 1,100, kilele cha Hanang kinapita 3,400, na kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6. Toa hapo nyuzi 13 au 14, kisha weka upepo. Mimi huvaa taiti ndani, jua likiwaka naingia nyuma ya kichaka naivua. Hapo ndipo utajua kama zipu zako zilitengenezwa na mtu mwenye akili: kipande cha chini kikipita juu ya buti bila kulivua, umepata suruali. Kisipopita, utasimama kwa mguu mmoja kama korongo huku wenzako wanakucheka.

Mgeni Ihumwa
Na traki ya kuchezea mpira je? Ndiyo niliyonayo.

Kunguni wa Kondoa
Traki yenye manyoya nje ni rafiki wa vishona nguo. Utashuka umevaa shamba zima.

Fundi Chang'ombe
Naona watu wanaongelea kitambaa tu. Mtumbani nawaona mnanunua kwa rangi! Puliza kwanza: weka mdomo kwenye kitambaa, pumzi ikipita kirahisi na upepo utapita. Kisha dondoshea maji kidogo. Yakikaa juu kama shanga, dawa ya kuzuia maji bado ipo, ila hiyo huisha kwa kufuliwa na kusuguliwa, kwa hiyo suruali ya mtumba usiitegemee kwa mvua. La mwisho ndilo kubwa: ivae, inua mguu uweke juu ya meza. Ikikubana gotini au msambani, mlimani itapasuka, tena mbele za watu. Zilizoshonwa kwa kazi hiyo zina kipande cha pembe nne hapo msambani. Kama yako haina, niletee, nakiweka.

Mzee wa Area D
Nimewaelewa. Na ile ya Ujerumani? Shemeji lazima ataniuliza.

Dada wa Makole
Itunzie Kilimanjaro, usiku ule wa kuelekea Uhuru, mita 5,895. Huko utamwombea shemeji dua. Hanang utachemka nayo jua likishapanda, na jasho hulowesha sawasawa na mvua. Ya mvua tafuta ile ya plastiki wanayovaa bodaboda, ikunje iwe chini ya begi. Mwezi wa saba huku kwetu hakunyeshi, lakini mlima una ukungu wake. Ivae ikinyesha tu, maana haipumui.

Mzee wa Area D
Nimeinua mguu juu ya meza ya chakula, mama watoto kauliza nimepatwa na nini. Nailoni imekubali. Kadeti imelia krrr. Fundi, kesho upo kibandani?

Fundi Chang'ombe
Kuanzia saa tatu. Njoo na mkanda wako pia, maana ule wenye bizimu kubwa, begi likikaza kiunoni, utakuchubua tumbo kabla hujafika popote.