Ulinganisho: mvumo wa nyuki ndani ya kompyuta ya mezani, nianze na feni, pawa saplai au niiuze?

Karani wa Tabata

Habari za leo, wanajukwaa. Naendesha duka la stationari hapa Tabata, na kazi zote za kuchapa na kutunza mafaili ya wateja zinategemea kompyuta moja ya mezani, kasha la ofisini lililotumika Ulaya kabla ya kunifikia. Kwa muda wa wiki mbili sasa kasha hilo limekuwa likivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Sauti si kubwa, lakini ukikaa nayo tangu saa mbili asubuhi hadi jioni unarudi nyumbani bado unaisikia.

Kinachonisumbua zaidi ni tabia yake. Nikiweka kiganja ubavuni mwa kasha sauti inakatika, nikikiondoa inarudi. Nilimpelekea fundi wa jirani, naye alipoondoa kifuniko cha ubavuni sauti ikapotea kabisa, akapuliza vumbi kwa bloa, akachukua elfu kumi yake na kuniambia imepona. Nilipofika dukani na kufunga kifuniko, nyuki wangu alikuwa palepale.

Nimeshauriwa mambo matatu: nibadilishe feni, nibadilishe pawa saplai, au niiuze nikatafute nyingine. Naomba mnilinganishie kabla sijatoa fedha.

Mkazi wa Kigamboni

Dada, pole. Mimi ningeanza na feni, kwa sababu ndizo zinazochakaa mapema katika mji huu wenye vumbi, na huku kwetu ng'ambo chumvi ya bahari huongeza yake. Feni za bei nafuu huzungukia kwenye bushi yenye mafuta kidogo. Mafuta yakikauka feni hunguruma, na mara nyingi hunguruma zaidi asubuhi inapowashwa, kisha ikitulia baada ya dakika kadhaa kadiri inavyopata joto. Feni za beringi za gololi huishi zaidi, ila zikizeeka hukwaruza kama gurudumu la toroli.

Kati ya kuitia mafuta na kuibadilisha, nimejaribu yote mawili. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya ile stika ya katikati lilinipa kama miezi mitatu ya utulivu, kisha kelele ikarudi. Tafadhali usitumie mafuta ya kupikia, maana yanageuka gundi. Feni mpya ya milimita 120 haina gharama kubwa, kwa hiyo kama feni ndiyo mkosaji, inunue mpya uachane na mambo ya mafuta.

Ili uijue, zima kompyuta, chomoa feni ya nyuma ya kasha, washa, sikiliza kwa dakika moja au mbili. Ile ya prosesa usiichomoe kwa mtindo huo. Wengine huisimamisha kwa kuegemeza kifutio cha penseli kwenye kitovu chake kwa sekunde mbili tu. Inawezekana, lakini si kwa bisibisi na si kwenye mapanga.

Mzee wa Mtoni

Kabla ya kufungua chochote, angalieni chini ya meza. Nimewahi kuhangaika na kompyuta siku nzima, kumbe kinachovuma ni stebilaiza iliyokuwa imeegemea mguu wa meza, na ubao wa meza ndio uliokuwa ukiibeba sauti hadi kwenye kasha. Kuna pia UPS (betri za akiba ya umeme) za bei ya chini ambazo umeme ukikatika hutoa mawimbi ya ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na pawa saplai ikilishwa umeme huo huanza kunung'unika hata kama ni nzima. Chomeka moja kwa moja ukutani kwa dakika tano, uondoe UPS na stebilaiza mezani, usikilize tena.

Karani wa Tabata

Shikamoo, mzee. Nimefanya hivyo sasa hivi: kompyuta iko ukutani, UPS nimeipeleka hadi mlangoni, na mvumo haujabadilika. Feni ya nyuma nayo nimeichomoa kama alivyoelekeza ndugu wa Kigamboni, na bado upo.

Mwanafunzi wa Umeme

Basi tuache kukisia. Weka kwenye simu yako programu yoyote inayochora sauti kwa masafa, zipo nyingi za bure. Simu iache umbali wa kama shubiri moja kutoka kwenye kasha, zima feni ya dukani na uombe jirani apunguze redio kwa muda. Mstari mrefu utakaojitokeza utakuambia sauti ina mitetemo mingapi kwa sekunde, yaani hezi ngapi. Ukiona namba hiyo ilete hapa.

Karani wa Tabata

Kazi imekuwa ngumu kwa sababu ya bajaji, lakini nimesubiri hadi barabara ikatulia. Mstari mrefu unasimama kwenye 120, halafu kuna mwingine mdogo kwenye 240. Nikigusa ubavu wa kasha yote miwili inashuka.

Mwanafunzi wa Umeme

Hapo jibu limepatikana, dada. 120 na 240 ni mvumo wa transfoma. Nimesoma maelezo mengi na kutazama video kadhaa, na zote zinasema sauti ya umeme wa ukutani husikika kwenye hezi 120. Pawa saplai yako imelegea ndani. Ibadilishe.

Fundi wa Kariakoo

Kijana, kipimo chako ni kizuri ila umekisoma kwa macho ya watu wa Marekani. Kule umeme wa nyumbani unageuka mara 60 kwa sekunde, na kwa kuwa chuma cha transfoma huvutwa mara mbili katika kila mzunguko, mvumo wake huwa 120. Tanzania tunatumia volti 230 na hezi 50. Transfoma ya Dar es Salaam huvuma kwenye 100, ikifuatiwa na 200 na 300. Wengi wanatazama video hizohizo na kuzitumia huku kwetu bila kupiga hesabu upya, na nimeshaletewa mezani kwangu pawa saplai nzima ambazo wenyewe walikuwa wamezihukumu kifo.

Sasa 120 inatoka wapi? Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani, ile yenye sahani, huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60 upate 120 kwa sekunde. Zile za mizunguko 5,400 zingekupa 90.

Feni nazo zinaweza kuangukia humo kwa bahati tu: yenye mapanga saba ikizunguka kidogo zaidi ya mara 1,000 kwa dakika hutoa takriban 120. Kuna namna ya kuzitenganisha, dada Karani. Sauti ya feni hupanda na kushuka kadiri mashine inavyopata joto, na ule mstari kwenye simu utauona ukihama. Wa diski hukaa kama msumari uliopigiliwa ukutani. Ipe kompyuta kazi nzito kwa dakika kumi huku ukitazama. Kisha uniambie jambo moja zaidi: kabla mvumo haujaanza, kuna kitu chochote kilichoongezwa au kufunguliwa ndani?

Mkazi wa Kigamboni

Nakubali kusahihishwa, ingawa bado nitasema feni ya prosesa haijapimwa. Na vipi koili za kadi ya picha? Yangu hupiga mluzi nikifungua mchezo.

Fundi wa Kariakoo

Koili huimba juu zaidi, kama mbu sikioni, na sauti hubadilika mara moja unapobadilisha kilicho kwenye kioo. Hata kushusha ukurasa kwa kipanya kunaweza kuibadilisha. Inaudhi, lakini kwa kawaida haiharibu kitu. Huyu ni nyuki, si mbu, na koili haina nguvu ya kutikisa bati la ubavuni kiasi kwamba kiganja kikilishika linanyamaza. Hiyo ni alama ya kitu kizito kinachozunguka na kulitikisa kasha zima. Ndiyo maana pia fundi wa kwanza hakukisikia: alikuwa ameliondoa bati lenyewe, ambalo ndilo linalofanya kazi ya ngozi ya ngoma.

Karani wa Tabata

Nimechapisha kitabu cha shule cha kurasa 180 huku nimefungua mafaili ya picha, feni zikapandisha kelele hadi mteja akauliza kuna nini, lakini mstari wa 120 haukusogea hata kidogo.

Na kweli, kuna kilichoongezwa. SSD (hifadhi isiyo na sahani inayozunguka) iliyokuja na mashine ilikuwa imejaa, muuzaji akanifungia diski ya pili ya terabaiti 1 ambamo sasa kazi zote za wateja zimo. Sikuihusisha kwa sababu inafanya kazi bila tatizo. Nikihesabu nyuma, ni siku mbili tu kabla ya nyuki.

Fundi wa Kariakoo

Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, chomoa waya wa umeme wa diski hiyo ya pili peke yake, kisha washa. Kwa kuwa mfumo uko kwenye SSD, mashine itawaka kama kawaida. Kisha funga kifuniko, maana bila kifuniko huwezi kujua lolote.

Pawa saplai usiiguse. Umeme wa ukutani ukishanyooshwa humo ndani hufika karibu volti 325, katika nyingine zaidi, na kapasita zake huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Hiyo si sehemu ya kujifunzia.

Karani wa Tabata

Kimya. Nimefunga kifuniko, nimekaa dakika ishirini, nasikia feni tu. Nimerudisha waya wa diski na nyuki amerudi.

Kwa hiyo diski ndiyo mbovu? Ninunue SSD kubwa?

Mzee wa Mtoni

Mama, kwanza kopi. Kabla ya kununua wala kufungua skrubu yoyote, hamisha kazi za wateja kwenye diski ya nje. Mashine inanunulika, lakini tasnifu ya mtoto wa watu hainunuliki.

Fundi wa Kariakoo

Mzee amesema la kwanza. Ukimaliza, tazama taarifa za afya ya diski kwa programu yoyote ya kuzisoma. Kama idadi ya sekta zilizohamishwa (vipande vya diski vilivyoharibika na kubadilishwa na vya akiba) ni sifuri na haitoi mlio wa tik-tik, haina dalili ya ugonjwa. Kila diski ya sahani hutetemeka kidogo. Swali ni imeshikwa na nini.

SSD haina kinachozunguka, hivyo ingemaliza kelele moja kwa moja, lakini ya terabaiti 1 ni ghali kuliko diski ya sahani ya ukubwa huohuo, na kwa mafaili yanayokaa tu yakisubiri mwenyewe kuyafuata, kasi yake hutaiona. Mimi nisingeinunua kwa sababu ya kelele. Kubadilisha mashine nzima kwa ajili ya nyuki mmoja sitakujadili. Fungua, utazame skrubu zinazoishika diski ubavuni, na ujaribu kuitikisa kwa vidole mashine ikiwa imezimwa.

Karani wa Tabata

Inacheza. Mahali pa skrubu ni pane, zipo mbili tu, zote za upande mmoja, na moja nimeizungusha kwa ukucha bila bisibisi. Haikazi. Inazunguka tu ndani ya tundu.

Fundi wa Kariakoo

Basi huyo ndiye nyuki wako. Matundu ya diski kubwa ya inchi 3.5 yana uzi wa kiinchi uitwao 6-32, ambao skrubu yake ni nene, karibu milimita 3.5, na meno yake yako mbali-mbali. Aliyekufungia alitumia M3, nyembamba ya milimita 3 yenye meno ya karibu-karibu, ambayo ni ya diski ndogo za inchi 2.5 na vile visomeo vya DVD. Inaingia, inaonekana imefungwa, lakini haijauma kitu. Diski inabaki ikiruka-ruka kwenye trei mara 120 kila sekunde, na trei inampasia bati. Hali hiyo ikiachwa si salama kwa diski pia, maana kichwa kinachosoma hulazimika kutafuta njia yake tena na tena sahani inapotikisika.

Ukifika Kariakoo, mafundi wengi wana kopo la maziwa lililojaa skrubu za makasha yaliyovunjwa. Beba hiyo mbovu kwa mfano wa isiyotakiwa, uombe nne nene na fupi. Zikiwa ndefu zinaweza kugusa vya ndani. Kaza kwa mkono, kwa mtindo wa pembe na pembe, usitumie bisibisi ya umeme.

Mwanafunzi wa Umeme

Nami nimejifunza. Nimepima stebilaiza ya nyumbani kwetu Ubungo jioni hii: 100 kamili, na 200 juu yake.

Karani wa Tabata

Nimepata skrubu nne na aliyenipa hakutaka hela, akaniambia ninunue soda. Kopi ya mafaili ilikamilika jana usiku, sekta zilizohamishwa ni sifuri. Nimekaza, nimefunga, nimeweka simu palepale umbali wa shubiri: kwenye 120 kumebaki kimstari ambacho usipokitafuta hukioni, na kiganja nikiweka au nikiondoa hakuna tofauti.

Sasa ndipo nasikia kwamba feni ya nyuma inakwaruza. Ndugu wa Kigamboni, ile ya milimita 120 yenye beringi za gololi uliipata duka la upande gani?